Kipande cha Pili

(Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni)

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni, shambani, ndani ya gari la abiria au kitandani hospitalini, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo twataka kuwachukua mpaka ndani ya tumbo la mashua. Wengi wenu mmepanda mashua yenye injini mara nyingi, lakini hamjapata kupaona mahali tunapopasema. Mkiwa mmeketi juu ya mbao mkitazama maji, chini ya miguu yenu kuna kifuniko, na chini ya kifuniko hicho ndimo inamokaa injini. Mlango wake ni mdogo kama mlango wa banda la kuku. Ndani ni giza, kuna joto, kuna harufu ya oili na maji ya ngama. Mtu akitaka kufanya kazi humo hawezi kusimama wala kuchutama. Hulala ubavu, mkono mmoja umebanwa chini yake, na kwa ule mmoja uliosalia ndiyo hufanya kazi yote.

Wawili kati yetu tunaowaletea mazungumzo haya tuliifanya kazi hiyo katika ujana wetu. Mashua yenyewe ilikuwa ya mbao, urefu wake kama futi 30, nayo ilifanya kazi Ziwa Victoria kati ya Mbita na kisiwa cha Mfangano. Ilibeba wahubiri na waalimu, mabati ya shule, magunia ya mahindi, na mara nyingi wagonjwa. Mwangalizi wa injini alikuwa mzee mmoja, fundi wa miaka mingi. Lakini mzee alikuwa amenenepa na magoti yalimuuma, hata hakuweza tena kuingia mle ndani. Kwa hiyo tuliingia sisi, naye aliketi juu, akauliza maswali. Aliyaamini macho yetu kana kwamba ni macho yake.

Injini ile ilikuwa ya dizeli, silinda mbili. Injini za namna hiyo zimepewa jina la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Haina plagi ya kuwasha moto. Huibana hewa hata hewa ikawa na joto kali, ndipo mafuta hunyunyizwa ndani yake yakawaka yenyewe. Injini hii ni mvumilivu kama punda. Haihitaji mengi: hewa ya kutosha, mafuta safi, oili safi, na kupozwa.

Hilo la kupozwa tungependa mlishike vema, maana ndilo litakaloturudia. Gari hupozwa na upepo upitao kwenye radieta. Chini ya sakafu ya mashua hakuna upepo. Basi injini hunyweshwa maji ya ziwa. Maji huingia kwa tundu lililo chini ya mashua, hupita kwenye chujio, huvutwa na pampu, hupelekwa kwenye kipoza joto chenye vijibomba vyembamba vingi, kisha hutemwa nje pamoja na moshi. Ndiyo sababu nahodha mwangalifu, mara tu akiisha kuwasha injini, huenda tezini akachungulia kama maji yanatemwa. Asipoyaona, huzima mara moja.

Ndani ya pampu ile mna gurudumu dogo la mpira, lenye mapezi. La kwetu lilikuwa na mapezi 6. Mpira huo hulainishwa na maji yale yale unayoyasukuma. Maji yakikatika, hata kwa muda mfupi sana, mpira husuguana na chuma, hupata moto, na mapezi huanza kukatika.

Mzee alikuwa na utaratibu wake wa kazi, nao hakuubadilisha hata siku moja. Kwanza, fungua kifuniko uache hewa iingie. Katika mashua za petroli jambo hili ni la kufa na kupona, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukalala ngamani pasipo kuonekana, na cheche moja yatosha kuilipua mashua. Dizeli haiwaki upesi namna hiyo, lakini mzee hakutaka tuzoee njia mbili. Pili, toa waya wa betri, maana spana ikigusa waya na chuma kwa pamoja mahali pasipo nafasi ya kurudisha mkono, utaungua kabla hujajua. Tatu, vua pete na saa. Nne, tandaza tambara chini ya mahali unapofanyia kazi, kwa sababu nati ikishaanguka ngamani haiogelei.

Kisha kazi yenyewe. Tuliiwasha injini kwa muda mfupi ili oili ipate joto na kuwa nyepesi, tukaizima, tukaifyonza oili kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Nati ya kumwagia ilikuwapo, lakini ilikuwa chini kabisa, ambako bakuli haliingii. Chujio la oili lilikuwa limelala ubavuni, na ukilifungua linamwaga. Basi tulilivika mfuko wa plastiki kwanza. Tukibadili chujio la dizeli, tulilegeza skrubu ndogo na kupampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke mazima, kwa kuwa injini ya dizeli iliyoingiwa na hewa katika mafuta yake haiwaki. Mkanda tuliubonyeza katikati kwa kidole gumba; ukizama kama sentimita moja, uko sawa. Na kila jambo tulilolimaliza tulilitia alama katika daftari, na mzee akaweka sahihi yake chini.

Sasa sikilizeni jambo lililotupata.

Ilikuwa mwaka 1998. Watu wa ziwani mnaukumbuka mwaka ule na lile gugu maji, jani zuri lenye maua ya zambarau, asili yake Amerika ya Kusini. Lilianza kuonekana upande wetu wa ziwa karibu na mwaka 1990, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam. Jumamosi moja tulipokuwa tukirudi Mbita tulilipita gugu hilo, nalo likaziba tundu la kuingizia maji. Tulisikia harufu ya mpira unaoungua. Tukazima haraka, tukasafisha chujio, tukajikokota mpaka bandarini kwa mwendo wa pole sana.

Mchana huo tuliingia chini kubadili mpira wa pampu. Kifuniko cha pampu kilishikwa na skrubu 6, na zote zilitazama ukuta wa mbao. Kutoka mlangoni huwezi kuziona hata moja. Mmoja wetu alilala ubavu akishika kurunzi na kioo kidogo, mwenzake akapitisha mkono nyuma ya injini, akapapasa. Skrubu moja ilituponyoka, tukaivua kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi kama mtu anayevua samaki. Kazi ambayo juu ya meza ingechukua robo saa, humo ilituchukua saa tatu.

Mwishowe mpira ukatoka. Mapezi 4 yalikuwa mazima. Mawili hayakuwapo. Kipande cha kwanza kilianguka pamoja na kifuniko, tukakishika. Kipande cha pili hatukukiona.

Kilikwenda wapi? Tulijua vizuri. Maji yalikuwa yakienda mbele, nacho kilikwenda mbele pamoja na maji, kuelekea kipoza joto. Kukitafuta maana yake ni kuvua mpira wa bomba kwenye mdomo wa kipoza joto, na kibanio chake kilikuwa ndani zaidi kuliko pampu, na skrubu yake ilitazama chini. Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu nyingine. Jua lilikuwa linatua. Ngozi ya viwiko ilikuwa imechubuka. Na asubuhi yake, Jumapili, mashua ilitakiwa kuwapeleka watu ibadani kisiwani.

Tukaambiana, labda kilitemwa nje pamoja na moshi. Tukaambiana, ni kidogo sana, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Tukaupaka mpira mpya maji ya sabuni, tukauingiza, tukafunga.

Mzee akainama mlangoni akauliza, "Mapezi yote sita mmeyaona?"

Tukajibu, "Ndiyo, mzee."

Akatupa daftari. Tukatia alama mbele ya maneno "pampu ya maji", naye akaweka sahihi yake chini ya alama yetu.

Jumapili injini iliwaka vizuri, maji yakatemwa, watu wakaimba njia nzima. Na sisi tukaimba. Juma la kwanza likapita, la pili, la tatu. Tukaanza kusahau. Wahenga wa pwani walisema, mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea. Jambo la hatari likikaa kimya kwa muda, mtu hulizoea, akadhani kimya chake ni msamaha.

Katika juma la nne, jioni, tulikuwa Mfangano. Wakaja watu mbio wakatuambia kuna mama mjamzito, mwenye uchungu tangu alfajiri, na mkunga amesema hawezi kumsaidia, apelekwe hospitali ng'ambo. Tukamlaza juu ya godoro, pamoja naye mama mkwe wake, dada yake na mumewe. Tukang'oa nanga giza likiingia. Siku zile simu za mkononi hazijafika kwetu. Mzee alishika usukani, akasema, "Leo tuipe injini nguvu zake zote." Nasi tukaipa.

Kwa mwendo wa kawaida maji machache yalikuwa yakitosha. Kwa nguvu zote hayakutosha. Tulikuwa katikati ya njia, kati ya Mfangano na Rusinga, mshale wa joto ulipopanda. Tukachungulia tezini: badala ya maji, mvuke. Mzee akazima injini.

Ninyi mnaovua samaki usiku mnajua upepo wa ziwa hilo. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Tulitupa nanga, kamba ikaisha, nanga haikugusa chini. Tukatoa makasia mawili kuizuia mashua isigeuke ubavu, lakini mashua ya futi 30 iliyobeba watu hairudi nyumbani kwa makasia mawili. Upepo ulikuwa unatupeleka kwenye maji mapana.

Mzee akasema, "Angalieni chujio." Tukafungua, lilikuwa safi. Akasema, "Angalieni mpira wa pampu." Tukalala ubavu tena, tukapapasa zile skrubu 6 gizani, mpira ulikuwa mzima, mapezi yote sita. Ndipo sisi wawili tukatazamana katika mwanga wa kurunzi. Hakuna aliyehitaji kusema neno. Juu ya vichwa vyetu, nyuma ya mbao unene wa inchi moja, tulimsikia yule mama.

Tukatoa kichwa mlangoni tukasema, "Mzee, kile kipande cha pili hatukukipata."

Akauliza, "Mlikitafuta?"

"Hatukukitafuta, mzee."

Hakutukaripia. Alisema tu, "Basi kitafuteni sasa."

Ndugu wapendwa, kazi ambayo siku ile ya Jumamosi tuliikataa kwa sababu ilikuwa ya saa moja na nusu, tuliifanya usiku ule juu ya chuma cha moto, mashua ikiyumba, mikono ikiungua. Tulivua mpira wa bomba kwenye mdomo wa kipoza joto, tukaingiza kidole. Kilikuwapo. Kilikuwa kimekaa pale pale kwenye vijibomba, na kwa majuma yale yote nyuzi ndogo za mizizi ya gugu maji, zilizopenya chujio, zilikuwa zimejikusanya juu yake, kama takataka zinavyojikusanya kwenye kijiti kilichokwama katika kijito. Kipande chenyewe kisingeweza kuziba njia yote. Lakini kilivishika vingine vyote vilivyopita.

Tulichukua saa moja na dakika 40 hivi tangu injini izimwe mpaka iwake tena. Tulifika Mbita usiku mwingi. Mama akapona. Mtoto alizaliwa hai, akaishi siku mbili, akafa.

Tulimwuliza daktari kama ile saa moja na dakika 40 ndiyo iliyomwua. Alitujibu kwa upole kwamba uchungu ulikuwa umeanza alfajiri na taabu ilikuwa imekwisha kuwa kubwa kabla hatujang'oa nanga, na ya kwamba hakuna awezaye kusema. Tumelibeba jibu hilo tangu siku ile mpaka leo.

Wasikilizaji wapendwa, pengine mnangoja tuwaambie sasa neno la faraja. Litakuja, lakini kwanza tulitazame kosa lenyewe, tusilipite haraka kama tulivyokipita kile kipande. Hatukuwa wavivu. Tulifanya kazi saa tatu mahali ambapo mtu mwingine asingekaa dakika kumi. Kilichovunjika tulikibadili kwa kipya. Kosa letu ni kwamba tulibadili kilichovunjika bila kutafuta vipande vyake vilikwenda wapi. Kisha tukasema tumevipata.

Je, si ndivyo tufanyavyo mara nyingi? Mtu amegombana na mkewe mbele ya watoto, maneno makali yametoka. Asubuhi anaomba msamaha, mkewe anamsamehe, nyumba inatulia. Vema. Lakini kuna neno moja lililomwingia mtoto, nalo limekaa mahali fulani ndani yake, na tangu siku ile kila jambo dogo linalopita linanasa pale. Nani amekwenda kulitafuta? Mweka hazina wa kikundi alikopa fedha za kikundi bila ruhusa, akazirudisha zote. Vema. Lakini kwa sababu ya fedha zile, mjane mmoja alinyimwa mkopo wake mwezi ule akauza mbuzi wake. Hesabu ya daftari ni sawa, mbuzi hajarudi. Kila kinachovunjika kina vipande, na vipande haviyeyuki. Huenda mbele pamoja na maji.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, Bwana Yesu alisimulia habari za mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepotewa na moja. Mara nyingi habari hiyo huhubiriwa kwa ajili ya furaha yake mwishoni, alipowaita majirani. Sisi usiku ule tulijifunza kuitazama sehemu ya katikati. Mwanamke yule alijua kwamba moja haipo, kwa sababu alikuwa amehesabu. Hakusema tisa zatosha. Nyumba yake ilikuwa na giza, akaleta taa. Sakafu yake ilikuwa na vumbi, akainama na ufagio. Wala hakuweka kipimo cha muda. Alitafuta mpaka akaiona. Twadhani mgongo wake ulimwuma. Twadhani jioni ilimkuta bado anafagia. Mungu anayefananishwa na mwanamke yule haoni taabu kuingia mahali pembamba kwa ajili ya kitu kimoja kidogo. Hiyo ndiyo faraja tuliyowaahidi, nasi tumeishi kwayo.

Lakini habari yetu haikuishia kwenye toba. Baada ya mazishi, mzee alituchukua kwenda kisiwani kwa baba wa mtoto. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi njiani. Tulipoketi, yakatupotea yote isipokuwa machache: kwamba tuliulizwa kama tumeviona vipande vyote, tukasema ndiyo, na ilikuwa uongo. Yule ndugu alinyamaza muda mrefu. Mama yake mzazi akainuka akaingia ndani. Kisha akatuuliza swali moja ambalo hatukulitarajia.

Akasema, "Na mashua, sasa ni salama? Maana sisi bado tunaishi huku kisiwani. Mke wangu atahitaji kurudi kliniki juma lijalo, na njia ni hiyo moja."

Tulikuwa tumekwenda kutafuta msamaha, naye alikuwa anatafuta chombo cha kumvusha mkewe. Hakutunyima msamaha; aliutoa baadaye, kwa wakati wake, na mpaka leo tunasalimiana kama ndugu. Lakini kwanza alitaka kujua kama kitu kimebadilika mle chini. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mkosaji anaweza kulia akatulia, lakini mtu atakayepanda mashua kesho anahitaji zaidi ya machozi yetu.

Basi tulirudi Mbita tukafanya mambo matatu, nasi twawaeleza kwa sababu twaamini yatawafaa hata ninyi msio na mashua.

La kwanza, tulimwita seremala akakata mlango mdogo katika ule ukuta wa mbao nyuma ya injini, upana wa viganja viwili, wenye bawaba na komeo. Tangu siku ile skrubu 6 za pampu na kile kibanio vilifikiwa kwa dakika chache, na kwa macho. Miaka mingi tulikuwa tukilaumu mahali kwamba ni pembamba, wala hakuna aliyefikiri kwamba mbao hukatika kwa msumeno. Kama kuna mahali katika nyumba yako, au katika kikundi chako, au katika kanisa lako, ambapo ukweli haufikiki bila mtu kuchubuka viwiko, usiwalaumu watu peke yao. Kata mlango. Daftari la fedha likisomwa mbele ya wote kila mwezi, huo ni mlango. Mtoto akijua kuna saa ambayo anaweza kusema na baba yake bila kukaripiwa, huo pia ni mlango.

La pili, tuliacha kutia alama. Alama ni nyepesi mno, mkono unaitia wenyewe. Tangu siku ile aliyeingia chini aliandika kwa maneno alichokiona: "Mapezi 6, yote mazima." Au: "Mapezi 5, kipande kimoja kimepatikana ndani ya kifuniko, hiki hapa." Na kipande chenyewe kilifungwa katika karatasi na kubandikwa kwenye ukurasa. Ni vigumu zaidi kuandika uongo kwa maneno kumi kuliko kwa alama moja.

La tatu, mzee alisema tangu leo mtu akimwambia, "Mzee, sijakipata, nami nimechoka," hatakaripiwa, na mashua haitaondoka. Tulipokea hilo kwa aibu, kwa maana tulitambua kwamba Jumamosi ile tungesema kweli angeahirisha safari, na watu wangeabudu makwao. Hatukumdanganya kwa sababu alikuwa mkali. Tulimdanganya kwa sababu hatukutaka kuwa watu waliochelewesha ibada. Fikirini jambo hilo, ninyi mnaopanga safari na mikutano ya kanisa. Tulificha kipande ili watu wafike kuabudu.

Mzee yule amekwisha kufariki. Mashua nayo ilizeeka, mbao zake zikatumika kuezeka banda. Lakini kile kipande cha pili tunacho. Kimekuwa kigumu, cheusi, kimejikunja kidogo. Mmoja wetu hukiweka katika kijaluba pamoja na vifungo vya shati, na mara kwa mara, akitafuta kifungo, hukishika.

Ndugu msikilizaji, huenda na wewe asubuhi hii unakumbuka swali uliloulizwa na mtu aliyekuamini, nawe ukajibu "ndiyo" kwa haraka. Injini bado inawaka. Maji bado yanatemwa. Watu wanaimba. Usingoje usiku na upepo. Mrudie aliyekuuliza, leo, ukamwambie, "Hatukukitafuta." Kisha chukua taa, ulale ubavu, ukitafute.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe waingia mahali tusipotaka kuingia. Utupe macho ya kuhesabu, na mgongo wa kuinama, na ulimi wa kusema kwamba bado kimoja hakijaonekana. Uwalinde wote walio majini asubuhi hii, na hao walalao ubavu gizani kwa ajili ya usalama wa wengine. Na wazazi waliofiwa na watoto wao, uwe karibu nao. Amina.

Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii, Mungu akipenda. Kwaherini.